Pumzi Mlangoni kwa Mzee Kijiko

Mama Pacha alilitafuna tufaha kama anayegombania na panya. Hakuwa na njaa, alikuwa na hofu. Mkobani alibeba majani ya saladi, kifungu cha mnanaa na chupa ya maziwa baridi. Kila baada ya hatua chache aliingiza mkono, akatoa kimoja, akakila, kisha akahemea kiganja chake na kukinusa.

Kitunguu saumu bado kilikuwapo. Kimejikalia mle ndani kama mgeni aliyekwisha vua viatu.

Aliyekileta ni mama mkwe. Alifika jana, akaingia jikoni bila kuuliza, akapika kuku kwa vitunguu saumu vingi hata kuku ndiye akaonekana kiungo. Mama Pacha alijaribu kusema kwamba kazini kwake haviruhusiwi. Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akamuuliza kama siku hizi chakula cha mama kinaombewa ruhusa ofisini. Mume akatazama dari. Sahani ya mkwe ukiikataa umemkataa mwenyewe, kwa hiyo Mama Pacha alikula, akaongezewa, akala tena.

Asubuhi mama mkwe alimkuta anasugua meno kama sufuria iliyoungua, akamwonea huruma.

"Mswaki hauwezi, mwanangu. Harufu hii haikai kwenye meno, inapanda kutoka chini. Kula tufaha bichi, saladi mbichi, mnanaa, unywe na maziwa. Tena ungeniambia jana, ungevila palepale na kuku, ndivyo vinavyofaa zaidi."

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia habari za kazi. Hukuniambia una shida."

Na shida ilikuwapo. Mama Pacha alikuwa mwonja chai. Katika kiwanda chao, waonjaji walipanga vikombe mezani, wakavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, wakatema kwenye ndoo, wakasema ipi itauzwa na ipi itarudishwa. Mkubwa wao, Mzee Kijiko, alikuwa na sheria moja: kila asubuhi alisimama mlangoni na kunusa pumzi ya kila mwonjaji. Anayenuka anarudi nyumbani. Na leo ndiyo siku ya Mzee kumtaja atakayekaa kiti cha pili, kando yake. Ukirudishwa leo, kiti umekiaga.

Waliobaki kwenye mashindano ni wawili, yeye na Kamusi. Kamusi alipewa jina hilo kwa kuwa kila ladha alikuwa na neno lake. Pua yake ilisifiwa na wote. Mdomo wake ulikuwa habari nyingine. Siri ikimwingia asubuhi, mchana imeshafika getini.

Kamusi alimkuta mlangoni, akavuta hewa mara moja tu.

"Mama Pacha, leo umelala bustanini?"

"Nimelala kwangu. Wewe umelala kwenye pua za watu?"

Mzee Kijiko akatokea. Akamwinamia Mama Pacha, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama anayesoma dua. Mzee akafumbua macho, akamtazama mdomoni kitambo.

"Safi," akasema. "Pita."

Mama Pacha alipita akimshukuru mama mkwe kimoyomoyo. Pua ya Mzee ilikuwa haipitwi na kitu. Na utulivu wake! Juzi tu maziwa yaliungua jikoni, kiwanda kizima kikatoka mbio na vitambaa puani, Mzee akabaki kitini akigeuza majani ya chai taratibu. Watu wakasema, huyo ndiye mtu wa kazi.

Kasheshe ilianza mezani. Mama Pacha alivuta kijiko cha kwanza, akapata mnanaa. Cha pili, mnanaa. Cha tatu, mnanaa na maziwa. Dawa iliyofunika kitunguu saumu ilikuwa imefunika na ulimi.

Kama kawaida yake, Mzee aliwaambia waseme wao kwanza, yeye atamalizia. Kamusi akasema kikombe cha kwanza kina moshi. Mama Pacha akasubiri kidogo, akasema kweli, kama kimekaa karibu na jiko. Kamusi akasema cha pili kina uchungu mwishoni. Mama Pacha akakunja uso, akasema mwanzoni kinakudanganya. Wakaenda hivyo hadi mwisho wa meza, na kila mara Mzee aliitikia kwa kichwa na kusema, "Ndivyo hivyo hasa."

Kisha akaweka kijiko chini, akasema kiti cha pili ni cha Mama Pacha.

Kamusi alitoka bila neno hata moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Mama Pacha naye hakuweza kufurahi. Alizunguka mezani, akakaa, akasimama, mwisho akamfuata Mzee ofisini kwake.

"Mzee, dhambi hii siiwezi. Jana nimekula kitunguu saumu sufuria nzima. Asubuhi nimejifukiza kwa mnanaa. Leo sikuonja kitu, nilikuwa namfuata Kamusi."

"Najua," akasema Mzee. "Jani la mnanaa bado limekuganda kwenye jino."

Mama Pacha akafunika mdomo. "Kwa hiyo mlangoni ulinusa, ukanyamaza?"

Mzee Kijiko akachungulia korido, akarudi kitini.

"Funga mlango, mwanangu. Kamusi ana pua, lakini hajui kuficha. Mimi tangu ile homa ya mwaka juzi sijanusa kitu."