Mkanda wa Presha

Kila Jumapili baada ya ibada, Nesi Tumsifu humpima presha Mama Eliwaza kwanza, ndipo waumini wengine wafuate. Leo kwenye kiti cha kupimia kamkalisha mkimbizi, binti aliyefika juzi, na mkono kamshika.

"Kwani mimi nimeoza?" Eliwaza aliuliza, wivu umemkaba.

"Jamani mama, anaogopa mkanda. Huko alikotoka walimfunga kamba. Hebu nikufunge wewe kwanza, aone."

Eliwaza akanyoosha mkono, kanuna. Mkanda ukajaa upepo, ukabana. Mara binti akaruka, akaanza kuuvuta ule mkanda kwa kucha ili amwokoe Eliwaza.

Nesi akataka kumtoa binti.

"Usimguse!" Eliwaza alimkata jicho.

Binti akaendelea kuvuta, machozi yakimdondokea Eliwaza mkononi.