Kiwanja Kilichofyekwa Tayari

Hebu niambie wewe: ukikuta kiwanja kimefyekwa safi katikati ya msitu wa milimani, utauliza nani kakifyeka, au utatandika tu?

Ngiri, mwenyekiti wa kamati ya kambi, alitandika. "Tambarare, kivuli, hewa fulu! Wageni watalala hapa."

"Pliz, Mzee, hii ni njia ya tembo," alisema Digidigi, kwato hazitulii. Alikuwa na digrii ya misitu, na tangu ahitimu aliililia kazi hiyo ya kuchagua kambi.

"Una ekspiriensi?"

"Nitaipata wapi, Mzee, na hamniajiri?"

"Basi sori, msomi. Kaa pembeni."

Jioni tembo walishuka kwa njia yao. Mahema yakawa chapati, wageni wakatawanyika wakilia, na Ngiri akaponea shimoni, mkia umekanyagwa ukavunjika.

Asubuhi Digidigi alikimbilia tangazo jipya la kazi: "Anatakiwa mchagua kambi, mwenye uzoefu wa kukanyagwa na tembo."

Kazi akapewa Ngiri, bandeji mkiani.

Enyi wenye kamati, tuajirini tukiwa bado wazima!