Jibu Lililokuwa Njiani

Mwanahawa alikuwa bado anatandika mkeka kwenye ukumbi wa hospitali, amejiandaa kungoja siku nyingi, Daktari Lukindo alipotoka maabara.

"Mama, majibu yametoka."

"Majibu ya nani?"

"Ya mwanao. Tumesoma vinasaba vyake. Ugonjwa tumeujua, na dawa yake ipo."

Mwanahawa aliketi, akampakata mtoto. Damu ilikuwa imechukuliwa asubuhi ileile. Majibu ya mwanawe wa kwanza, aliyeugua vivi hivi, yalikuja kaburi lake limeshaota nyasi.

"Mmevisoma vyote kweli, daktari? Hamkurukaruka?"

"Vyote, mama. Mashine ya zamani ilihifadhi maandishi ya vinasaba mahali pamoja, ikayapigia hesabu mahali pengine. Muda mwingi ulipotea njiani, kupeleka na kurudisha. Hii mpya inapiga hesabu palepale ilipoyahifadhi."

Mwanahawa aliitikia kwa kichwa, lakini neno lililomwingia lilikuwa moja tu: njiani. Kumbe mwanawe alikufa jibu likiwa njiani. Hakujua ashukuru au agombe, na kama ni kugomba, agombe na nani.

Muuguzi akaja na dawa kwenye kikombe kidogo, akachuchumaa mbele yake.

"Mtoto anaitwa nani, mama?"

"Shomari," alijibu upesi.

Lilikuwa jina la yule wa kwanza. Mtoto aliyempakata akainua kichwa chake kizito, akageuka kutazama mlangoni, amwone huyo aliyeitwa.