Mlango wa Stoo

"Piga tena, fundi. Piga kama una ugomvi nao."

Fundi alikuwa stooni, mlango ukafungwa tena kwa nje. Akainua nyundo ya kuvunjia mawe, akaushindilia ule mlango kwa nguvu alizobakiwa nazo. Nyumba nzima ikanguruma. Kule koridoni dalali akaziba masikio. Mlango wenyewe, wa chuma kitupu, haukutikisika.

"Jamani dada, nyumba ya watu hiyo!" dalali akalalama. "Hujainunua bado unaibomoa?"

"Habomoi, anakagua," alisema yule mama mnunuzi. Akafungua.

Fundi akatoka anahema, jasho linamtiririka mpaka kwenye kope. Miaka thelathini sasa anawakagulia watu nyumba kabla hawajanunua. Anagonga plasta kwa mpini wa nyundo asikie palipo na uwazi, anachoma mbao za dari kwa bisibisi atafute mchwa, anafungulia mabomba yote kwa mpigo aone kama maji yanakata. Wateja wake huuliza maji, huuliza umeme, huuliza jua la jioni linaingilia wapi. Huyu mama tangu wafike hata jiko hakuliulizia. Yeye milango tu. Milango, nondo, na unene wa kuta.

Na sababu haikuwa ya kuuliza. Mkono wake wa kushoto ulifungwa plasta ya hospitali. Jicho moja limevimba mpaka limebaki mstari. Akifungua mdomo, meno mawili ya mbele hayapo.

"Mume wangu alinifuata kwa shangazi, akapasua mlango kwa shoka," alisema, kama mtu anayesimulia mvua ya jana. "Nikahamia kwa kaka. Akapanda juu, akang'oa mabati, akashukia chumbani. Kaka mpaka leo anatembelea gongo."

"Na polisi, mama?"

"Analala kule siku mbili. Anarudi ana njaa na hasira."

Fundi ana mabinti wanne. Akarudi stooni, akaanza upya kabisa, safari hii kama anamkagulia mwanawe wa kumzaa.

Kuta zilikuwa za tofali za kulaza, nene, za zamani ile watu walipokuwa hawabanii saruji. Juu hakuna bati, ni zege, kwa sababu tangi la maji limekalishwa hapo. Dirisha hakuna. Kuna tundu la hewa tu, upana wa kiganja, nalo lina nondo. Akapenyeza mtaimbo kwenye zile nondo, akaning'inia nao miguu juu, mzee wa watu, mpaka suruali ikachanika nyuma. Nondo hazikujali.

"Suruali hiyo mimi silipi," alisema dalali.

"Mwanangu, humu hapiti mtu," fundi akamwambia mama. "Kitasa kinafunga pande zote mbili. Akija, kimbilia humu, zungusha ufunguo, tulia. Ila kuna kasoro moja, lazima niiandike. Ukipiga kelele humu, majirani hawakusikii."

"Hata kidogo?"

"Hata ukikesha unalia."

"Iandike, fundi."

Hajamaliza kuandika, geti likagongwa na kitu kizito. Mara ya pili likaachia.

Mwanamume aliyeingia hakuwa mkubwa kama fundi alivyomfikiria. Alikuwa wa kawaida tu, shati limepigwa pasi, na shoka mkononi. Dalali, kwa mazoea ya kazi, akatanguliza mkono.

"Karibu, shemej—"

Alikula ngumi ya mdomo, akaenda chini na mafaili yake.

Fundi akasimama katikati ya korido, nyundo mkononi. "Kijana, rudi nyuma."

"Babu, nipishe. Huyo ni mke wangu."

Fundi hajawahi kumpiga mtu kwa nyundo. Akasita. Kusita kule kulimgharimu, maana shoka liligeuzwa kisogo likamshukia mbavuni, halafu kwenye paji la uso. Alisikia mfupa unalia. Akaanguka kifudifudi, damu ikamjaa machoni.

Alichobakia nacho ni masikio. Akasikia viatu vya mama vinakimbilia mwisho wa korido, kule stooni. Akasikia buti zikimfuata. "Leo nakumaliza! Leo hutoki!" Chuma kikajibamiza. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

Kisha kimya.

Fundi akaanza kutambaa. Mlango ule yeye ndiye aliyeupasisha. Kuta zile yeye ndiye aliyeziapia. Akapapasa, akaupata ule mlango wa chuma, akaupiga kwa ngumi mpaka vidole vikachubuka.

"Mwanangu! Mwanangu, nisamehe!"

Akalaza sikio. Mbali, mbali kabisa, kama mdudu ndani ya kiberiti, kuna mtu alikuwa anapiga mayowe. Fundi akalia waziwazi, mbele ya dalali, bila haya.

Mkono ukamshika bega.

"Inuka, fundi. Utajiumiza zaidi."

Alikuwa mama, amesimama pale koridoni, ufunguo uko mkononi. "Nilijibanza nyuma ya mlango," alisema. "Nikamwacha apite."

Dalali akajikokota mpaka pale, kashikilia mdomo wake. "Lakini dada, huyu mtu kajuaje kama uko hapa? Nani kamwelekeza?"

"Mimi. Nilimpigia simu asubuhi." Akautia ufunguo kwenye mkoba, akafunga zipu taratibu kwa ule mkono mmoja mzima. "Ningenunuaje nyumba, na atakayekaa humo hajaiona?"