Azikwe Mzima

Daktari aliwaeleza kwamba ubongo wa kijana umekufa, na kwamba mwenyewe alishajiandikisha kutoa figo zake. Alitaka sasa kauli ya familia.

Zubaida alikuwa amemshika mwanawe mguu. Kisigino kilikuwa bado na joto.

“Hapana,” alidakia shemeji yake. “Mtoto wa Kiislamu hakatwikatwi. Azikwe mzima. Waislamu wote wa mji huu wa Bradford watatusema.”

Shemeji huyo alikuwa mwaka wa nne akisafishwa damu kwa mashine, akingoja figo. Mishipa ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imevimba kama kamba kwa kuchomwa sindano.

“Shemeji,” Zubaida alimwuliza, “wakikupigia simu leo, figo yako imepatikana, utakataa?”

“Hilo jambo lingine.”

“Lingine vipi?”

“Hiyo itakuwa ya Mzungu.”

Zubaida aliuachia mguu, akamgeukia daktari. “Chukueni. Mpeni yeyote, ila siyo huyu.”

Daktari alimwambia kwa upole kwamba sheria haimruhusu kumbagua mtu.

Zubaida aliivuta karatasi, akatia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikaitoboa.