Aliyemwazima Macho

Asubuhi Obonyo alipofariki, Elsie alifungua kabati akamchagulia tai ya kuzikwa nayo. Kwa miaka ishirini na minane yeye ndiye aliyemchagulia. Obonyo hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Akitumwa nyanya sokoni Maseno, alirudi na mbichi tupu.

“Baba Akello, hizi tutazila Krismasi?” Elsie alimuuliza.

“Si ungeniambia nibonyeze kwanza!”

Mtu huyohuyo alikuwa mhadhiri wa makoa wa baharini, wale konokono wasio na gamba, wenye rangi kama leso mpya. Kazi yake ilikuwa kuwaainisha. Lakini koa akitiwa kwenye spiriti hupauka, kwa hiyo rangi lazima ziandikwe akiwa hai. Miaka ya mwanzo Elsie alisafiri naye hadi Watamu, akachuchumaa miambani akimtajia. Mgongo zambarau. Pembe rangi ya machungwa. Obonyo aliandika.

“Nikipata mmoja ambaye bado hana jina,” alimwahidi, “nitampa la aliyeniazima macho. Na likishachapishwa, hata mimi siwezi kulifuta.”

Kisha magoti ya Elsie yakaanza kuuma. Kila Agosti Obonyo akawa anakwenda peke yake. Simu ingemsomea rangi, alisema.

Miezi saba baada ya mazishi, Waliaula, mwanafunzi wake wa zamani aliyemalizia kazi hiyo, alipiga simu.

“Mama Akello, koa mpya amechapishwa Jumatatu! Daktari Obonyo aliacha jina tayari. Amempa aliyemwazima macho. Hayo ni maneno yake mwenyewe.”

Elsie alilia, akanawa uso, akavaa gauni la kanisani. Njiani alinunua fremu ya kutundika ukurasa huo sebuleni.

Kwenye maabara, Waliaula alimvutia kiti, akamfungulia jarida. Koa alikuwa mwekundu, ukingo wa kijani. Chini ya picha kulikuwa na neno refu la Kilatini. Elsie alilisoma mara mbili akilitafuta jina lake.

“Limetokana na Shiku,” Waliaula alisema akitabasamu. “Ameandika hapa: ‘Kwa Shiku, aliyeniazima macho Agosti tano mfululizo.’ Ndivyo alivyokuwa akikuita mkiwa Watamu, sivyo Mama?”

Tangu Jumatatu ile, duniani kote, koa huyo anaitwa Shiku.