Goti la Luciana

Kitabu cha ubatizo kilisema Luciana alikuwa na kovu la kuumwa na fisi, goti la kushoto.

"Bibi, samahani, naomba kuliona goti lako," nikasema.

Nje, kijiji kizima cha Iguguno kilisubiri. Uhuru ulikuwa unatimiza miaka kumi, na mimi, karani wa wilaya, nilitumwa kuthibitisha kwamba mtu mzee kuliko wote Tanzania anaishi hapa. Hesabu ilikubali. Luciana alibatizwa mwaka 1905 akiwa na miaka kama arobaini. Sasa alikuwa na mia moja na sita.

Alivuta kanga taratibu. Goti lilikuwa na ugaga, limekomaa kwa miaka ya kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Kovu halikuwepo. Nikatazama na la kulia. Halikuwepo.

"Luciana alikuwa mama yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Alinifia njiani tukienda misheni, ile njaa ya baada ya vita ya Wajerumani. Misheni waligawa mtama kwa wenye cheti cha ubatizo. Nikachukua chake."

"Hawakuona kwamba wewe ni binti tu?"

"Njaa ilitufanya wote vizee, mjukuu wangu."

Nje ngoma ikaanza. Wajukuu zake waliimba, "Luciana! Luciana!"

Niliweka kalamu kwenye karatasi.

"Sasa bibi, wewe jina lako nani?"

Alilifunika goti kwanza.

"Langu nilimzika nalo mama."